Hedifoni Zisizobana Chini ya Hijabu

Jumatano. Baridi ya mwezi wa saba, ile ya kwetu Ufipa inayomfanya mtu anawe uso tu na kuapa kwamba ameoga. Upepo umevuma tangu alfajiri. Na mimi nimekuwa na furaha tangu asubuhi, mpaka abiria mwenzangu kwenye basi akaniuliza kama niko salama.

Ngoja nieleze.

Mimi ni karani katika ghala la mahindi, kijiji kimoja kwenye barabara ya Namanyere. Nyumbani ni Katandala, mjini. Kila asubuhi napanda basi, zaidi ya saa nzima ya vumbi na makorongo, na jioni narudi kwa njia ileile. Mwezi wa tano mwakani, Mungu akijalia, nitafanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka jana niliufanya, nikafeli. Nikitoka kazini nina mtoto, nina jiko, nina usingizi. Muda pekee ulio wangu ni wa kwenye basi, na nikifungua daftari ndani ya basi, natapika.

Nikifeli tena, basi. Nguvu ya mara ya tatu sina.

Dawa aliipata mama mkwe wangu. Ana duka la vitenge mjini, na mchana wateja hupungua. "Niachie madaftari na simu yako ya zamani," aliniambia. "Mimi nitakusomea, wewe utasikiliza huko njiani." Akaanza kunirekodia somo la Kiswahili. Jioni nachomoa kadi ya kumbukumbu ya simu ile, naiweka kwenye yangu, asubuhi naondoka naye masikioni.

Mama aliishia darasa la saba. Lakini husoma bila haraka, kwa sauti iliyonyooka, na maoni yake humohumo.

"Kiambishi awali," anasoma, halafu anasimama. "Kumbe hii 'a' ya 'anapika' ina jina! Miaka yote tunaisema tu. Haya, tuendelee."

Shida ikawa kusikia. Vile visikizio vidogo vya kuchomeka vilivyokuja na simu vinateleza. Kila basi likiruka korongo, kimoja kinadondokea ndani ya hijabu na mimi naanza kujipapasa shingoni kama mwenye siafu. Nikaazima hedifoni za shemeji, zile za kuvaa utosini. Zilinibana zikazisukuma pini za hijabu kichwani. Nilifika kazini kichwa kinagonga, na mofimu zote nimezisahau.

Jana nikatoka kazini mapema, nikampitia mama dukani. Nilitaka anisindikize tu kwenye duka la simu. Kumbe nilikuwa nampeleka mkaguzi.

Muuza simu, kaka mmoja mcheshi anayeitwa Festo, alianza kutusifia hedifoni kubwa nyekundu zinazong'aa. "Shikamoo mama. Hizi ndizo mzigo mpya. Muziki wake ni balaa!"

"Marahaba. Sisi hatutaki balaa, tunataka sarufi," mama akamjibu, akazivaa mwenyewe juu ya mtandio. Akazivua papo hapo. "Zinabana. Nyingine."

Alijaribu zote zilizokuwepo. Za tatu au za nne zilikuwa nzuri, mimi nikasema nichukue hizo. Mama akakataa. Akaniketisha kwenye benchi la wateja, akashika ncha moja ya benchi, akaanza kulitikisa kwa nguvu zake zote.

"Hili ni basi," akamwambia Festo. "Shika huko mwisho. Tikisa!"

Festo akatikisa. Hedifoni zikaruka mpaka mlangoni. Watu waliokuwa wakinunua vocha walicheka wakashikana mabega, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Zilizoshinda mtihani wa benchi zilikuwa nyeusi, hazina mvuto wowote. Utepe wake haupiti utosini, unapita kisogoni, kwa hiyo unakaa chini ya hijabu bila kugusa pini. Masikioni zina sponji laini. Walitikisa benchi mpaka Festo akatoka jasho. Hazikusogea.

"Hizi," mama akasema.

Leo asubuhi nimezivaa. Injini ikawa mbali. Vumbi lipo, kelele zipo, lakini mama yuko hapa kabisa, nasikia hata anavyomeza mate. Somo likaisha. Kila siku likiisha huwa nasikia mvumo tu, nazima. Leo nikasikia kitu nyuma ya mvumo ule.

Alisahau kuzima simu.

Alikuwa akirudia somo, kwa sauti ya chini, yeye na nafsi yake. "A-na-pik-a. 'A', nafsi. 'Na', wakati. 'Pik', mzizi." Halafu akatafuta mfano wake mwenyewe. "Ni-li-tak-a. 'Ni', mimi. 'Li', wakati uliopita. Nilitaka. Nilitaka kusoma." Mteja akapiga hodi, rekodi ikaishia hapo.

Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena. Mifano yote ilikuwa sahihi.

Jioni nimemkuta anachambua maharage. Nikamwambia, "Mama, leo nimesikia mpaka mwisho."

Mkono ukasimama juu ya ungo. Niliogopa nimemvunjia heshima. Kisha akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Kwa hiyo umenisikia nikijifundisha kama mwehu!"

Nikamweleza kuhusu QT, ule mtihani wa watu waliokosa sekondari. Akarudi kwenye maharage yake. Akachambua, akachambua.

"Wanapokea wenye wajukuu?"

"Wanapokea, mama."

"Basi niulizie. Lakini baba mkwe wako asijue kwanza."

"Nimeshajua," baba mkwe akaitika kutoka sebuleni. "Mchana dukani nitakaa mimi. Wewe soma."

Kesho nitaomba ruhusa kazini nipite kituo cha elimu ya watu wazima, nikamuulizie nafasi. Nilimwomba anitajie majina yake yote. Miaka hii yote mimi namwita mama, na mjini kote ni Mama Rashidi. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akakaa vizuri kwenye mkeka kabla ya kunijibu.

Mwajuma Athumani Selemani.