Ufa Kwenye Bawa Ulilounda

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba, mama. Huku Nyakasimbi tu wazima. Bibi yako yuko uani anaanika kahawa, anakusalimu sana.

Umeniuliza kama uwaambie wenzako kuwa umeona ufa kwenye bawa uliloliunda wewe, na ndege yenu ya umeme ya mtu mmoja inarushwa wiki ijayo, wageni wameshaalikwa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa useremala, tulikuwa wanne, tukijenga paa la darasa kule Nyakakika. Kenchi moja, ile fremu ya mbao inayobeba paa, niliiunga vibaya, mbao ikapasuka. Nikaziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, nikanyamaza. Kesho yake rafiki yangu Rwegasira akaipanda kenchi hiyo na nyundo yake. Nilimtazama akisogea katikati.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Hiyo mbao imepasuka. Niliificha!"

Alishuka polepole, akanitazama. Tuliifumua kenchi tukaanza upya, na siku mbili nzima hakuna aliyenisemesha. Nilijuta kusema, Koku, sikufichi.

Siku ya tatu Rwegasira alitaka kupanda tena. Wenzetu wawili walikuwa karibu naye, lakini akaniita mimi niliyekuwa mbali.

"Njoo wewe unishikie ngazi," alisema. "Ikiteleza, najua utaniambia."

Nisalimie wenzako wote, hasa huyo atakayeketi ndani ya ndege.

Ni mimi babu yako, nikupendaye.