Chumba Kinachoifaa Mashine

Tarehe 14 Februari. Leo imetimia miaka thelathini na tatu na miezi minne tangu nifunge mlango wa chumba changu na kukukabidhi ufunguo.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji yangu Randa, na wajukuu wote mnaobanana nao humo ndani. Mimi ni mzima, ila magoti hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Bega la shemeji linaendeleaje? Uliniambia daktari amemkataza kuinua kitu chochote kizito kuliko kikombe cha chai, naye akajibu kwamba chai yenyewe siku hizi ni nyepesi. Nilicheka kwenye simu. Nilipokata, kicheko kilikwisha. Ndiyo maana naandika. Jambo hili kwenye simu ungenisamehe kabla sijamaliza kulisema, na safari hii nataka unisikilize hadi mwisho.

Mwaka jana mliponiomba nikamwone mtu wa huku anayeuza mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni, niliona fahari. Baada ya miaka yote hii, bado lilikuwapo jambo nyumbani lililosubiri neno langu. Shemeji alikuwa amefunga karakana yake ya useremala, na sola zake zimebaki juu ya paa zikitoa umeme usio na mlaji. Mlitaka kujua kama mashine ile inaweza kukaa ndani ya nyumba yenye watu. Shemeji aliuliza pia, kama kweli inachimba, udongo inautupa wapi. Mlinichagua mimi kwa sababu nimekuwa fundi wa majokofu maisha yangu yote, na anayekula kwa kuhamisha joto anajua linakokwenda.

Mwenye mashine aliniazima kwa wiki mbili. Ni kidude kidogo, hakizidi maboksi mawili ya viatu, kizito kama mtoto wa miaka mitatu, feni mbele na feni nyuma. Nilikiwasha jikoni kwangu. Kelele yake ilikuwa ya kifyonza vumbi ambacho hakuna anayekizima. Mama wa ghorofa ya chini aligonga dari kwa fagio, kisha akapanda mwenyewe kuuliza kama babu ameanza kurusha ndege. Joto lake lilikuwa la pasi tatu zilizowashwa pamoja. Siku ya pili mkate ulikuwa umekauka mezani kama ubao.

Siku ya tatu nikaanza ufundi. Niliifungia ndani ya boksi la bati lililozungushiwa pamba isiyoshika moto, bomba moja likiivutia hewa kutoka dirishani na jingine likiitoa ile ya moto nje. Kelele ikashuka ikawa ya jokofu kuukuu. Mama wa chini akaja kuuliza kama ndege imetua. Nikapima siku zote zilizobaki, na katika hesabu nikaongeza jua la huko kwenu. Bei ya sarafu hizo hupanda na kushuka kama homa, wala sikutarajia muujiza. Lakini kwa umeme wa jua, mchana peke yake, mapato yake yangetosha kumweka shemeji nyumbani.

Nikajua pia inahitaji chumba cha namna gani. Kuta nene, dirisha lisilopigwa na jua la mchana, mbali na wanapolala watoto, pasipo vumbi. Ninyi mlitaja stoo. Stoo ina paa la bati na magunia ya mkaa. Mashine isingemaliza mwezi humo. Katika nyumba yetu kipo chumba kimoja tu chenye sifa hizo, nawe unakijua, maana umekifagia kila Jumamosi kwa miaka thelathini na tatu.

Basi nikakupigia, nikasema haifai kwa nyumba. Nikataja kelele, nikataja joto, nikataja pasi tatu. Yote yalikuwa kweli ya siku mbili za kwanza. Zile kumi na mbili nikazimeza. Ulishusha pumzi ukasema, haya Kaka, wewe ndiye mjuzi. Shemeji akaenda kubeba mbao za watu wengine katika umri wa kupumzika, na miezi mitano haikutimia bega likateguka.

Nilikionea wivu kitanda changu, mdogo wangu. Nilikiona kikitolewa, na mahali pake pakikaa kidude kile. Wajukuu wanne wanalala sebuleni huku chumba kikimsubiri mzee. Nawe hukuwahi kuniomba. Hata mwanao alipooa ulisema tu, chumba chako kipo, Kaka, hakijaguswa. Nami nikajibu ahsante, kama mtu anayepewa, kumbe nilikuwa nawanyang'anya. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikudhani katika nguo zenu nitakuwamo mimi.

Mashine nimeinunua. Iko njiani na boksi lake na mabomba. Kioo cha chini kushoto, kile nilichokipasua kwa mpira tulipokuwa wadogo ukakubali kupigwa kwa niaba yangu, kitolewe. Bomba la hewa ya moto lipite hapo. Kitanda wapeni wajukuu wakubwa. Kamusi isiyo na jalada apewe anayependa kusoma. Koti lililo nyuma ya mlango, ikiwa nondo hawajalimaliza, avae shemeji, bega lipate joto.

Wasalimie wote, mmoja mmoja. Shemeji nitamwandikia barua yake, radhi yake niiombe mwenyewe. Wewe kasirika kwanza. Haraka ya kunisamehe haipo. Na Jumamosi endelea kufagia, maana feni zinachukia vumbi, lakini ufunguo usiurudishe kwenye kopo la vifungo. Mpe shemeji.

Mimi sitarudi.

Kaka yako