Vepu za Mbao za Dada Salha

Dada yangu Salha,

Shikamoo. Marahaba yako najua siipati, lakini Mama akisikia nimekuandikia bila shikamoo ataninyima maandazi wiki nzima, na mwaka huu mie sina ubavu wa kugombana naye. Mwenyewe hajambo. Miguu inamsumbua, sauti iko palepale, na akiita kuku wake mtaa wa pili wanageuka.

Nakuandikia hadharani kwa makusudi. Nataka barua hii isomwe Tanga nzima, Ngamiani, Makorora na Chumbageni, katika kila nyumba iliyowahi kuwa na kazi ya mkono wako, kwa sababu jina lako lilichafuliwa kwa kosa lisilo lako, na mimi nilijua, nikanyamaza. Nitafika huko. Kwanza niache nikusifu, maana ulipokuwa hai sikukusifu hata siku moja. Nilikuwa nakutania tu.

Baba alipofariki, watu walitegemea mimi mwanamume ndiye nitakayerithi meza yake ya kutengenezea redio. Lakini mkono wangu ulikuwa wa mbao. Mimi nilifundishwa na Babu kutia njumu masanduku, ile kazi ya kupanga vijimisumari vya shaba juu ya ubao mpaka litokee ua. Weye ndiye uliyejifunga kanga kiunoni, ukakaa kwenye kiti cha Baba, ukashika chuma cha kulehemia kama umezaliwa nacho. Siku moja jirani akakuletea sigara ya umeme, hizi vijana wanazoziita vepu, aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati. Imekufa. Ukaifungua, ukaipekua muda mrefu, kisha ukasema, "Kumbe ni betri, waya na pamba. Sasa mbona wameifanya mbaya hivi?"

Ndivyo ilivyoanza. Chumba cha uani kilichokuwa cha kuku ukakipaka chokaa, ukaweka jiliwa ya Babu, ile ya kubania mbao, upande huu na meza ya Baba upande ule. Mbao ulikuwa unaokota kwa mafundi vitanda, vile vipande wanavyovitupa: mninga, mvule, mtiki wa Muheza, na mfenesi uliokuwa ukiupenda kwa ule umanjano wake. Unachimba tumbo la kipande kwa patasi nyembamba, unapima, unachimba tena, mpaka betri iingie bila kulazimishwa na ikishaingia isicheze. Halafu msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha nta kwa kipande cha kanga kuukuu. Mimi ningeishia kwenye msasa wa kwanza nikaenda zangu kunywa kahawa.

Na yale madonge ya unga, Dada, nani aliyekufundisha? Mteja akija, kabla hujamuuliza anataka mbao gani, unaingia jikoni, unamega donge kwenye beseni la maandazi la Mama, unampa. "Kamata. Finya kama umeshika kitu usichotaka kuibiwa." Anafinya, anacheka, anajiona mjinga. Donge likikauka juani, kiganja chake chote kiko pale, na vepu yake unaichonga kwa kulifuata. Ndiyo maana hazikuwahi kufanana mbili. Ya yule dereva wa bodaboda aliyekatika kidole cha shahada uliitia kibonde upande mmoja, na alipoishika mara ya kwanza mdomo wake, ule unaojulikana mji mzima, ulifunga. Akaigeuza, akaishika tena, akakuuliza umejuaje. Ukamjibu kuwa unga ndio uliosema. Mama naye alikuwa akilalamika kila siku, "Unga wangu unafinywafinywa na watu wanaonuka sigara," lakini nilimwona kwa macho yangu akibakiza donge moja kila asubuhi bila kuombwa.

Ulikuwa na misimamo yako, na mie ilikuwa ikinikera. Hukumuuzia mtu ambaye hakuwa mvutaji. Alikuja yule kijana wa chuo, kanukia, miwani kaipandisha utosini, anataka ya mpingo yenye herufi za jina lake. Ukamuuliza sigara kaanza lini. Akasema yeye havuti, ila anaipenda tu. "Basi mwanangu, nenda kanunue saa." Nikakwambia unafukuza riziki mlangoni. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Mie nawatoa watu shimoni, siwachimbii." Na wale waliokuwa wavutaji kweli, kila mwezi unawapunguzia ukali wa yale maji yanayotiwa ndani, mpaka wengine wakaja kukurudishia chombo chako wakisema hawakihitaji tena. Siku hizo ndizo ulizokuwa ukiimba jikoni.

Sehemu yangu ilikuwa njumu. Unanikabidhi kisanduku kitupu cha vepu, kimeshapigwa nta, nami nakitia ua au nyota. Sheria yako ilikuwa moja: kila msumari ukatwe, usizidi nusu ya unene wa ubao, na ukishapigwa, nitie kidole changu kidogo ndani ya tumbo nipapase. Ncha ikitokeza ndani itaichoma betri, na betri ikichomwa inawaka. Ulinirudia sheria hiyo mara nyingi hata nikawa naikariri kwa sauti yako kukukejeli, na weye unacheka, kisha unasema, "Kejeli, lakini papasa."

Sasa niseme nililokuja kulisema.

Bwana Rajabu wa Makorora, yule mwalimu mstaafu aliyekuwa akivuta pakiti mbili kwa siku, aliagiza ya mfenesi yenye ua la shaba, aitie mfukoni mwa kanzu mpya siku ya Idi. Weye ulikuwa umeimaliza, imebaki njumu tu, na msiba wa shangazi ukakuita Pangani. Ukaniachia. Ilikuwa siku ya mwisho ya kufunga, alasiri, nimebakiza jani moja la ua, na misumari yetu mifupi ikaniishia. Nikafungua kopo la Babu. Ile misumari ya Babu ilikuwa ya masanduku, ya mvule mnene wa vidole viwili, lakini vichwa vyake, Dada, vilikuwa vinang'aa kuliko vyetu vyote. Nikaona jani litapendeza. Nikakata minne. Wa tano nikaupiga mzima. Kwa nini, mpaka leo sijui. Nilikuwa na njaa, nilitaka kuwahi futari, nilikuwa nautazama uzuri wa kichwa nisifikirie urefu wa mguu. Sikupapasa. Betri ilipobana kuingia niliisukuma kwa dole gumba, nikafunga, nikapanda baiskeli, nikampelekea.

Idi pili, Bwana Rajabu yuko barazani na wageni wake, kanzu ikashika moto mfukoni. Paja lake liliungua vibaya, akalazwa siku tisa.

Uliporudi kutoka Pangani hukuvua hata baibui. Ukakaa mezani, ukakifungua kile kisanduku kilichoungua, ukakamata kitu kwa koleo, ukakivuta, ukakiweka kiganjani. Ukanitazama.

"Huu ni wa Babu," ukasema.

Nikautazama ule mguu ambao sikuukata.

"Posa yako inapelekwa lini?"

"Jumamosi."

"Basi funga mdomo wako. Akiuliza mtu, njumu ile nimepiga mimi."

Nikasema, "Lakini Dada," na ikaishia hapo hapo, kwa sababu uliinua mkono. "Mie wameshanijua. Weye wakwe ndio kwanza wanataka kukujua."

Watu wanaosoma wasidhani nilibishana. Sikubishana. Nilishusha pumzi, nikaona mlima umeniondoka kifuani, na usiku wake nililala vizuri. Aibu yangu kubwa siyo ule msumari. Ni ule usingizi.

Weye hukulala. Ulichukua baiskeli, ukazunguka mji, nyumba kwa nyumba, ukiwaomba watu vepu zao zote ulizowahi kuwatengenezea. Ukazileta uani, ukazifungua moja moja, ukazipapasa zote kwa kidole chako. Hukukuta hata moja yenye kasoro. Ukazirudisha kwa wenyewe na kuwaomba radhi kwa kuwasumbua, na wengi hawakuzipokea, wakakwambia kazitupe. Kwa Bwana Rajabu ulikwenda kila siku, kumsafisha kidonda, mpaka mkewe akakuzoea na kukuachia ufunguo. Na ulikwenda kwa Mama. Mlango ulikuwa wazi, mie niko uani, nikakuona ukipiga magoti. "Mama, nimemuunguza mtu." Sikukaa kusikia alilokujibu. Nilitoka.

Sokoni wakakuita Salha Bomu. Wateja wakakatika, ukarudi kwenye redio, na redio zenyewe zikawa za kuhesabu. Mimi nikaoa. Mke wangu, ambaye leo naye anaisoma habari hii kwa mara ya kwanza, alinitania wakati ule nisikuruhusu kugusa redio yetu isije ikatulipukia. Nikacheka naye. Miaka miwili baadaye figo zikakuangusha, na tangu tukuzike huu ni mwaka wa tatu.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa Mama. Kamaliza kuswali adhuhuri, kakaa palepale kwenye mkeka, mikono kaiinua, hajui kama niko mlangoni. Nikamsikia akisema, "Ya Rabi, msamehe Salha kwa yule mja wako aliyemuunguza." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishayasema maneno hayo mara nyingi hata yametengeneza njia. Nikamuuliza huwa anaomba hivyo mara ngapi. "Kila sala," akasema. "Haki ya mja haifutiki hivihivi."

Nilitembea kwa mguu mpaka Makorora kwa Bwana Rajabu, baiskeli nikaisahau kwa Mama. Nikamwambia yote. Alinisikiliza akijisugua paja, sijui kama alijua anajisugua. Akasema, "Mie dada yako nilishamsamehe siku nyingi. Kumbe nilimsamehe bure." Kisha akaongeza, "Weye nitakusamehe, lakini siyo leo. Nenda kwanza kwa mama yako."

Nikarudi. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilianza na kopo la Babu nikaja kwenye neno la posa, na nilipofika kwenye baiskeli yako na zile nyumba ulizozizunguka, nikamaliza kwa kunong'ona. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Hakulia, hakunitukana. Nilitamani anitukane.

"Alinijia akapiga magoti hapa," akasema.

"Nilimwona, Mama."

"Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia mie sikukulea hivyo." Akauweka ungo chini. "Akanambia, kweli Mama, hukunilea hivyo."

Akainuka kwa kujishikiza ukutani, hakutaka nimshike. Akaingia chumbani. Haukuwa wakati wa sala yoyote, lakini nilisikia mkeka ukitandikwa. Nikangoja, nikijua dua yake, nikingoja asikike akiomba usamehewe. Hakuomba hivyo. Alisema, "Salha, mwanangu. Nisamehe mie."

Akairudia mpaka adhana ya alasiri.

Basi Dada, watu wa Tanga wajue. Waliokuita Bomu wajue, na waliozitupa vepu zako wajue wametupa kazi isiyokuwa na kasoro. Ulikuwa fundi kuliko Baba, na kuliko Babu. Hukuwahi kumuunguza mtu yeyote.

Lala kwa amani, nami niache nihangaike kidogo, ni zamu yangu.

Mdogo wako,
aliyepiga msumari ule