Mkwe Juu ya Kabati

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefika Kawangware na matope mpaka kwa sketi. Kutoka Gatwekera kwa miguu, mvua ikininyeshea njia nzima. Halafu mlango ukanikataa. Nabonyeza namba, unalia pii. Nabonyeza tena, pii pii. Ati vidole vimelowa. Ilibidi Akinyi aamke kitandani na kidonda chake aje anifungulie.

Kufuli ya kawaida ilikuwa na shida gani? Ufunguo unauweka kwa sidiria, maneno yameisha.

Akinyi ni kitinda mimba wangu. Alipasuliwa tumbo ndio Okoth akatoka. Daktari alimwambia asiinue maji, asifue, asiiname. Mama ya bwanake yuko nyumbani na miguu imefura, hawezi kusafiri. Kwa hivyo ni mimi. Asubuhi nauza omena zangu Kisumu Ndogo, kibanda namwachia Mama Otis, nakuja huku naosha mtoto, nafua, napika, narudi kwangu kabla ya giza. Silali hapa. Maro, yaani mama mkwe, halali kwa nyumba ya mkwe wake, hata kama mkwe mwenyewe, Omondi, ni soja wa kulinda majengo huko Doha.

Nyumba ni chumba kimoja tu. Lakini vitu vilivyomo! Taa inawashwa na simu. Swichi iko ukutani lakini nimekatazwa kuigusa, ati nikiigusa taa inasahau kila kitu ilichofundishwa. Leo Omondi aliizima akiwa huko Doha, mimi nikikata sukuma. Anasema anaokoa tokeni za stima. Nusura nikate kidole.

Jumatano, 9 Aprili

Jana alikuja fundi, akaweka kidude cheupe juu ya kabati. Kina jicho moja jeusi. Kinageuka polepole kama kuku anayesikiliza. Akinyi anasema ni kamera, Omondi anataka kuona mtoto wake akikua. Sawa. Nikafikiri ni ya kupiga picha, kama ile ya harusi. Unaikalia vizuri, inapiga, mnaendelea na maisha.

Kumenyesha na bado kuna joto humu ndani. Nilivua kitambaa kichwani, nikavua blauzi, nikabaki na kamisi nikifua nepi. Nikala kichwa cha samaki na mikono miwili, nikanyonya mpaka macho. Nikanyoosha miguu kwa mkeka. Okoth nikamwambia ukweli, kwamba masikio yake ni ya babake, makubwa hivyo, tumwombee tu kichwa kikue kiyafikie. Akinyi alicheka mpaka akashika kidonda.

Siku nzuri. Hata uji alimaliza.

Alhamisi, 10 Aprili

Yawa! Kimeongea.

Nilikuwa namfunga Okoth na shuka baada ya kumwosha. Kamisi tena, kichwa wazi tena. Sauti ya mwanaume ikatoka juu ya kabati. "Mama, mtoto amefunikwa sana. Anatoka jasho."

Karai nililipiga teke, maji yakaenda mpaka chini ya kitanda. Nilimweka mtoto kwa Akinyi, nikachukua pazia nikajifunika, nikatoka nje nikasimama kwa ngazi. Pazia la watu. Majirani walinitazama.

Alikuwa ameniona. Mabega, miguu, kichwa cha samaki. Siku mbili nzima mkwe wangu amekaa juu ya kabati na mimi sijui.

Kwetu maro na mkwe hawazoeani. Hatusalimiani kwa mkono. Hatuli sahani zikitazamana. Nikiona anakuja na njia hii, mimi nachukua ile. Si chuki, ni heshima, na ni heshima hiyo imefanya mimi na Omondi tusikosane tangu amwoe Akinyi. Leo imeisha. Nimeaibika. Nimerudi Gatwekera bila kula.

Na masikio. Nyasaye, Mungu wangu, alisikia yale ya masikio.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilimwambia Mama Otis tukianika omena. Alicheka mpaka akakalia debe. Baadaye akaacha kucheka, akauliza swali lenye limenikaa kichwani. Omondi akiwa kwa hiyo kamera, yuko ndani ya nyumba ama hayuko?

Kama hayuko, ananirekebisha aje kuhusu shuka? Kama yuko, mimi nafanya nini humo?

Akinyi anasema hayuko. Anasema Mama, hiyo ni simu tu, usijisumbue. Watoto wa Nairobi. Simu inakaa kwa mkoba, haikai juu ya kabati ikigeuza shingo kukufuata ukienda kuchukua chumvi.

Nimefanya lenye naweza. Nimetoa leso yangu ya kijani, nimeitupa juu ya hicho kidude. Nikafanya kazi yangu kwa amani. Nikaosha mtoto, nikamkanda, nikamwimbia akalala. Simu ya Akinyi ikaanza kulia. Ni Omondi, anaona giza. Akafikiri stima imepotea, akafikiri wezi, akafikiri mtoto amekufa. Akinyi akamweleza. Nikasikia ameanza kupandisha sauti. Ati ametumia pesa. Ati ni mtoto wake. Ati ni nyumba yake.

Akinyi alilia, na mtu wa kidonda kama hicho hafai kulia. Leso niliiacha pale pale.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda. Nimefukuzwa.

Akinyi alipiga baada ya kanisa, sauti ndogo. Omondi ametafuta msichana wa kazi, anaanza kesho. Msichana asiyefunika kamera. Mama upumzike, alisema, umechoka kutembea. Hayo maneno si yake. Yamepangwa na mtu, yeye ametumwa tu.

Nimezaa sita. Nimewalea kwa nyumba ya mabati huku Gatwekera bila taa ya kusikia simu, na hakuna hata mmoja aliyechomeka kwa jua ama kupotea. Leo sifai kushika mjukuu kwa sababu nimefunika jicho la plastiki. Nina hasira hata omena zinaninukia vibaya.

Lakini hiyo ni hasira yangu mwenyewe, nitaibeba. Kinachoniuma ni Akinyi. Kidonda kilikuwa chekundu upande mmoja nikimwacha Ijumaa. Nilimwambia arudi kliniki. Huyo msichana atajua kuangalia? Na mtoto wangu ninamjua, ataona aibu kutuma mgeni, atainua maji mwenyewe. Akiinua maji kitafunguka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepiga simu mara nyingi. Haishiki. Nimeuza vibaya, nimepimia mtu omena nikamrudishia na pesa yake pia. Mama Otis ameniambia niende. Nikamwambia siendi kwa nyumba ya mtu aliyenifukuza. Nina kiburi, najua.

Jumanne, 15 Aprili

Nilienda.

Nilifika nikabonyeza namba. Pii pii. Nikapangusa vidole kwa leso, nikabonyeza polepole. Pii pii. Okoth analia ndani, kile kilio kikavu cha mtoto aliyelia mpaka akachoka. Nikagonga. Nikaita Akinyi. Nikasikia kama mtu anaguna, basi.

Jirani wa kando akatoka. Akaniambia namba ilibadilishwa Jumapili, apewe huyo msichana mpya. Na msichana mwenyewe hakuja, si jana si leo. Mlango ni wa chuma, hauvunjiki. Akinyi alionekana mara ya mwisho jana akibeba mtungi kutoka kwa bomba.

Nilijua. Kabla hajamaliza nilijua.

Jirani akanionyesha kengele. Nayo ina jicho. Ukibonyeza inalia Doha, mwenye nyumba anakuona uso, mnaongea, anakufungulia. Hivyo tu. Niende nisimame uso kwa uso na mkwe wangu, aniangalie machoni, nimwombe mlango.

Nilisimama pale nikiwa mjinga kabisa. Mtoto analia, binti yangu sijui ni mzima ama vipi, na mimi nafikiria macho. Nilijichukia. Lakini mwili ulikataa, haki ya nani, shingo ilikataa kugeuka.

Basi nikajifunika leso mpaka paji la uso, nikaupa mlango mgongo, nikanyoosha mkono nyuma nikapapasa kengele nikaibonyeza. Ikalia sana. Nikasikia pumzi ya mtu aliyeamshwa. Nikasema nikitazama ngazi. "Omondi. Ni mimi, maro wako. Mtoto analia na Akinyi hajibu. Nifungulie."

Mlango ukalia mara moja, ukaachia.

Akinyi alikuwa sakafuni kando ya kitanda, moto kama jiko. Simu imezima chaji. Kidonda kimefunguka pembeni na kina usaha. Jirani alibeba mtoto, mimi na bwana wa huyo jirani tukambeba Akinyi na blanketi mpaka kwa bodaboda, mpaka kliniki. Dawa wameweka kwa mshipa. Daktari alinifokea mimi, ati nilikuwa wapi.

Tukiwa tunatoka pale nyumbani nilitazama juu ya kabati bila kutaka. Leso yangu ilikuwa imetolewa, na kile kidude kilikuwa kimegeuka chenyewe, jicho likitazama ukuta.

Alhamisi, 17 Aprili

Akinyi amerudi nyumbani. Amedungwa sindano nyingi, anakula. Okoth ananyonya kama hakuna kilichotokea. Nimefua, nimepiga deki, nimechemsha maji ya kuosha kidonda.

Bado nimekasirika. Nataka niandike hivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Huyu mtoto wa watu ana mlango unaosikia Doha, taa inayosikia Doha, kengele inayosikia Doha, na hakuna hata kimoja kilichomwambia bibi yake yuko sakafuni. Aliona kitanda kitupu kwa kamera, akafikiri yuko chooni. Akaenda kazini. Mimi ningekuwa humo ningejua kwa harufu tu.

Akinyi ameniambia mengine. Omondi alilia kwa simu mpaka wenzake wa kule chumbani wakamzunguka. Babake alikufa yeye akiwa mdogo, mama yake akabaki nyumbani, yeye akalelewa hapa hapa Kawangware na shangazi wa kanisa. Mambo ya maro hakuna aliyemfundisha. Alidhani mtu akivuka bahari na heshima inapumzika. Alipoona mgongo wangu kwa kengele ndio alielewa, Akinyi anasema. Alitazama ule mgongo akaona haya, akaielekeza ile kamera ukutani kabla ya kufungua.

Sijui nifanye nini na habari hizo. Nimezisikia, basi. Nimepewa namba ya mlango, yangu peke yangu, na mambo ya msichana wa kazi yameisha. Mlango bado hauvitambui vidole vikilowa. Takataka.

Leo tena Omondi amezima taa nikikata nyanya. Kisha ikawaka haraka haraka. Pengine alikumbuka.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua imetulia. Akinyi alikaa kwa kiti peke yake, akasukwa nywele na jirani.

Omondi ametuma ombi kupitia kwa Akinyi. Ameogopa kuniambia, na ni vizuri aniogope kidogo. Anasema nifunike jicho kila nikiingia, hatasema neno. Anaomba tu sauti tusiizime. Kazi yake ni ya usiku, mchana ndio analala, na usingizi umemkataa huko tangu aende. Ile Ijumaa ya leso, kabla ya ule ugomvi, alisikia nikimwimbia Okoth gizani, kisha kimya kikamtisha. Anasema mama yake alikuwa akiuimba wimbo ule ule.

Nilifikiria sana nikichambua mchele. Zamani kwetu maro na mkwe wakiwa na neno la maana, mmoja anakaa ndani, mwingine nje, ukuta katikati, wanaongea. Sauti haikukatazwa.

Nilimwambia Akinyi nitaona.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekuja baada ya kanisa. Nimetupa leso ya kijani juu ya kidude kabla hata sijaweka mkoba. Nimeosha mtoto, nimemkanda mafuta, nimemfunga shuka. Nyepesi.

Kisha nikaimba. Mwanzoni sauti ilikuwa ya kukwaruza, najisikia kama mtu anayeimbia kabati. Baadaye nikasahau. Okoth alilala. Akinyi naye alilala, mdomo wazi, mkono juu ya tumbo. Nikaendelea kidogo kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha.

Niliponyamaza nikasikia kitu. Kinatoka chini ya leso. Mkoromo. Mzito, mrefu, wa mtu aliyechoka kabisa. Alikuwa amelala na simu ikiwa wazi.

Nilifikiria kumwamsha Akinyi azime. Nikaacha. Nikaosha vikombe bila kuvigonganisha, nikatoa sufuria kwa moto.

Ilikuwa bado mapema, ningekaa. Lakini mkwe amelala humu, na maro halali wala hakai mahali mkwe wake amelala. Nikabeba viatu mkononi, nikavuta mlango polepole sana, nisiwaamshe wote watatu.