Maneno Yenye Msalaba

Jumapili, 5 Juni 1983
Uji hauna sukari tena. Paskalina, mdogo wangu, ameniita mezani: "Jentation, Kaka!" Yaani kifungua kinywa. Tunafanya hivi kila asubuhi tangu hoteli moja ya watalii kule juu kwenye kreta ilipotangaza kazi ya mapokezi. Namfundisha kwa kamusi ya Kiingereza niliyoachiwa na Padre alipohama. Baadhi ya maneno yana kimsalaba pembeni, mengi ya asili ya Kilatini. Hayo ni ya Kanisa, Kiingereza cha wasomi wa kweli. Nimemchagulia hayo tu.

Jumatano, 8 Juni
Ukungu. Paskalina kauliza mbona kitabu chake cha shule kinasema "breakfast". Nikamkatiza. Hicho ni Kiingereza cha sokoni. Baba mdogo naye kasema Paskalina akiikosa kazi hii, ataolewa na yule mgane wa kijiji cha Daa. Paskalina hamtaki.

Jumatatu, 13 Juni
Paskalina amerudi jioni kutoka usaili wa hotelini, kwa lori la viazi. Amekosa kazi. Aliambiwa awakaribishe wageni kifungua kinywa. Akasema jentation. Meneja akamwomba arudie. Akarudia. Wakacheka. Akaongeza "noctivagant", neno nililompa kwa fisi wanaozurura usiku. Wakazidi kucheka. Kazi kapewa msichana wa Arusha.

Hakunilaumu. "Labda nimetamka vibaya, Kaka. Nifundishe tena."

Jumanne, 14 Juni
Nimesoma kurasa za mwanzo za kamusi. Sikuwahi kuzigusa, mwalimu mzima. Maelezo ya alama yapo pale. Kimsalaba maana yake neno limekufa, halitumiki tena. Msalaba wa kaburini. Nimemfundisha mdogo wangu maiti.

Aibu imenipanda mpaka masikioni. Darasani nimewafokea watoto bila sababu. Nyumbani sijamwambia Paskalina. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 16 Juni
Wazee wa Daa wamekuja kuposa. Nimesimama mbele yao, Paskalina akisikia, nikasema yote. Kosa ni langu, mtoto hana kosa, asubiri nafasi nyingine.

Baba mdogo alinitazama. "Umemaliza, Mwalimu?"

Nikasema nimemaliza. Pombe ikazungushwa. Posa imekubaliwa.

Ijumaa, 17 Juni
Baridi. Niliamka mapema, nikakaa mezani kumsubiri aniite. Alikuja na bakuli, akaliweka mbele yangu bila kunitazama.

"Kaka, uji."

Akachukua jembe, akaenda shambani.