Basi la Lushoto Liliondoka Saa Nne Kamili

Dada Rehema, shikamoo. Stendi ya zamani ya Moshi, ile ya matope na wapiga debe, imefungwa. Nakuandikia nikiwa stendi mpya, yenye vioo, ngazi za umeme na dada mpole kwenye spika.

Leo ametangaza mara tatu, "Basi la Lushoto linaondoka saa nne kamili." Abiria hatukuinuka. Mama mmoja wa Kibosho, amekumbatia mkungu wake wa ndizi, akaniambia, "Tulia, mwanangu. Hajasema 'Bado mmoja!'" Nikaagiza mtori wa ndizi, mzito, wa moto. Saa nne kamili basi likaondoka tupu. Jingine ni kesho.

Msimamizi akaja mbio. "Mbona hamkupanda? Mmetangaziwa!"

"Kutangaziwa tumetangaziwa," mama akamjibu. "Nani alituita?"

Lilipoingia basi la Arusha, msimamizi alilegeza tai, akapanda juu ya kiti kipya na kupiga debe mwenyewe: "Arusha! Bado mmoja!" Ndani hakukuwa na mtu. Lilijaa hapo hapo.

Wabusu watoto. Kadi hii ikikufikia baada ya harusi ya Mariamu wako huko Lushoto, nami sikuonekana, nisamehe, dada. Stendi waliniambia ukweli, nami sijauzoea.

Mdogo wako, Hamisi