Nafasi Kando ya Mama Yako

Annelie,

Nyama ya kondoo iko kwenye friji. Mwambie mumeo asiikaushe motoni kama kawaida yake. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi nilikufokea bure. Kile kijiji cha wastaafu ulichonichagulia kule Worcester hakina ubaya, hata yale mapazia niliyoyatukana ni mazuri. ~~Siendi.~~ Nitahamia. Ila kaburi la mama yako liko hapa nyuma ya nyumba, na kando yake nilijiwekea nafasi yangu. Jana mnunuzi wa shamba letu alisema hataki kaburi jingine hapa. Hilo ndilo lililoniuma, si mapazia.

Niko huko nyuma kaburini, namweleza mama yako. ~~Usinifuate.~~ Njoo na kahawa, vikombe vitatu. Mama yako hakuwahi kukaa kikao bila kikombe chake.

Baba